Baridi yote baada ya mechi ya saba

Januari inaisha na Toronto bado haijapoa. Theluji imejaa barabarani, besiboli haichezwi popote karibu na hapa, lakini ukipanda basi la Lawrence asubuhi utawasikia watu wasiojuana wakiulizana swali lile lile: kwa nini hakusogea zaidi kutoka kituo cha tatu? Hakuna anayeuliza ni nani anayesemwa. Mji mzima unamjua.

Ndugu zangu mnaonisoma kutoka nyumbani na mchezo huu hamuufuati, nivumilieni niwaeleze. Anayepiga hukimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, kisha nyumbani, na hapo ndipo pointi inapopatikana; watatu wakitolewa, zamu ya timu yao kupiga imekwisha. Blue Jays ndiyo timu pekee ya Kanada katika ligi kuu ya besiboli. Ilitwaa ubingwa mwaka 1992 na 1993, kisha ikakaa zaidi ya miaka thelathini bila hata kurudi fainali. Mwaka 2024 ilishika mkia kwenye kundi lake. Mwaka 2025 timu ile ile ikashinda mechi 94, ikaongoza kundi, ikaingia World Series dhidi ya Los Angeles Dodgers, mabingwa watetezi. Fainali hiyo huchezwa mpaka mmoja ashinde mechi nne. Tulirudi kwetu tukiwa mbele tatu kwa mbili. Tulihitaji mechi moja katika mbili zilizobaki, zote uwanjani petu, mbele ya watu wetu. Tukapoteza zote mbili.

Ya mwisho iliisha saa sita usiku imeshapita, usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba. Tano kwa nne, iningi (yaani zamu moja ya kupiga kwa kila timu) kumi na moja, wakati kawaida ni tisa. Na ilikuwa ndiyo usiku ambao huku saa hurudishwa nyuma kuingia majira ya baridi, kwa hiyo usiku uliokuwa tayari haupiti ukaongezewa saa nzima. Dar ilikuwa asubuhi ya saa moja. Mdogo wangu wa Temeke, ambaye besiboli haijui kabisa, aliona matokeo kwenye simu akaniandikia: "Pole dada. Sasa umejua mwezi wa tano nilikuwaje."

Nilijua. Mwezi wa tano Simba ilifungwa mbili bila kule Berkane, ikaja kutoka sare ya moja kwa moja Zanzibar, na Kombe la Shirikisho likaenda Morocco. Nyumbani kwetu kidonda hicho kina historia. Mwaka 1993 Simba ilitoka suluhu Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF, ikarudi Dar kumalizia kazi, ikafungwa mbili bila na Stella mbele ya watu wake. Baba yetu aliisimulia mechi ile mpaka alipofariki, na kila mara aliisimulia kama bado inaweza kubadilika. Mwaka huo huo wa 1993, mwezi mmoja tu kabla, Joe Carter alikuwa ameupiga mpira ukavuka ukuta hapa Toronto na kuwapa Blue Jays ubingwa wao wa pili. Sikuwa na habari kwamba kuna mtu anaitwa Joe Carter. Leo picha yake iko ukutani kwenye kinyozi anakonyolewa mwanangu, na watu wa umri wangu waliozaliwa huku wanaizungumzia 1993 kwa furaha ambayo mimi mwaka huo siwezi kuuambatanisha nayo.

Nimewasikia watu wakifarijiana kila namna tangu Novemba. Kuna wanaosema asiyekubali kushindwa si mshindani. Kuna wanaosema tumewafunga pointi 34 katika mechi saba na wao wametufunga 26, kwa hiyo sisi ndio bora. Hesabu ni sahihi, nimeijumlisha mwenyewe, lakini kombe halitolewi kwa jumla. Jirani yangu, mzee kutoka Trinidad aliyekuja Scarborough kitambo, ananiambia nisikate tamaa: mwaka 1985 walikuwa mbele tatu kwa moja dhidi ya Kansas City wakatolewa, mwaka 1987 wakapoteza mechi saba za mwisho mfululizo na Detroit ikawapita, na bado 1992 ilifika. Namheshimu sana mzee huyu na sikumjibu. Ila moyoni naona faraja ya kuhesabu miaka mitano mingine haimsaidii mtu aliyepoteza juzi.

Mwanangu ana miaka 12 na yeye alichagua njia ya kumtafuta mwenye kosa. Kwa wiki nyingi hapa nyumbani jina lilikuwa moja: Isiah Kiner-Falefa, mchezaji wetu yule yule anayeulizwa kwenye basi. Nikamwambia, sawa, kama unamhukumu mtu lazima kwanza ushahidi usikilizwe wote. Tukaanza kuitazama mechi ya saba upya, usiku wa Ijumaa kwa Ijumaa, iningi moja moja, tukisimamisha video na kurudisha.

Iningi ya tisa ilituchukua Ijumaa nzima na bado tukairudia. Tulikuwa tukiongoza nne kwa tatu, tumebakiza kuwatoa Dodgers wawili tu. Mrushaji wetu ni Jeff Hoffman. Mpigaji ni Miguel Rojas, mkongwe wa miaka 36 anayesifika zaidi kwa kudaka kuliko kupiga. Wamevutana mpaka imebaki mpira mmoja wa kuamua. Hoffman akarusha wa kupinda, Rojas akauinua, ukavuka ukuta wa kushoto. Nne kwa nne. Mwanangu aliishika rimoti, akaitazama sura ya Hoffman, hakusema kitu.

Kisha zamu yetu. Mmoja ametolewa. Bo Bichette akapiga, akafika kituo cha kwanza kwa kuchechemea. Goti lake liliumia Septemba, alikosa raundi mbili nzima za mtoano, akarudi kwenye fainali akicheza kwa maumivu, na usiku huo huo, iningi ya tatu, alikuwa ameupiga mpira wa Shohei Ohtani, mrushaji wa Dodgers, ukavuka ukuta na kutupa pointi tatu. Kukimbia ndiko alikokuwa hawezi. Kocha akamtoa, akamwingiza Kiner-Falefa amkimbilie. Addison Barger akapewa kituo cha bure. Dodgers wakamleta Yoshinobu Yamamoto, ambaye usiku uliotangulia alikuwa amerusha iningi sita. Mpira wake ukamgonga Alejandro Kirk, naye akapewa kituo cha kwanza. Vituo vyote vikajaa, na Kiner-Falefa akawa kituo cha tatu, hatua chache kutoka ubingwa.

Hapo nikasimamisha video nikamwonyesha mwanangu miguu yake. Anasimama karibu mno na kituo, hilo kila mtu analiona. Lakini mkimbiaji wa kituo cha tatu ana hofu mbili zinazovutana. Mpira ukipigwa chini lazima akimbie nyumbani, na kila hatua aliyoiba mapema ni mali. Mpira ukipigwa moja kwa moja hewani na kudakwa, lazima arudi kituoni kabla mpira haujafika, na kila hatua aliyoiba inamgeuka. Alisema mwenyewe baadaye kwamba maelekezo yalikuwa akae karibu. Kwa nini maelekezo hayo? Mwanangu akajibu mwenyewe kabla sijamaliza, maana alikumbuka usiku uliotangulia.

Usiku uliotangulia, mechi ya sita, tulikuwa nyuma tatu kwa moja, iningi ya tisa. Barger aliupiga mpira ukaenda mpaka ukutani na kukwama chini, kwenye mwanya kati ya godoro la ukuta na ardhi. Sheria ikasema ukikwama, wakimbiaji wanasimama: mmoja cha pili, mmoja cha tatu. Bila kukwama pengine pointi ingeingia. Kisha Andrés Giménez akapiga mpira wa chini chini hewani, Kiké Hernández akaukimbilia kutoka mbali akaudaka, akaurusha kituo cha pili, na Barger, aliyekuwa amesogea mbali kidogo, akakamatwa akirudi. Mechi imekwisha. Kwa hiyo Barger alituumiza kwa kusogea sana, na saa ishirini na nne baadaye Kiner-Falefa akatuumiza kwa kutosogea. Kocha gani asingetoa maelekezo yale baada ya kitu kama kile?

Daulton Varsho akaupiga mpira chini kuelekea kwa Rojas, Rojas yule yule. Rojas akayumba karibu aanguke, akajizuia, akarusha nyumbani. Mdakaji Will Smith, akiwa na mpira, alitakiwa tu akiguse kibao cha nyumbani kabla ya mkimbiaji; mguu wake uliinuka kidogo kutoka kwenye kibao, ukarudi kukigusa, na Kiner-Falefa anateleza kwa miguu wakati huo huo. Waamuzi wakaangalia video. Ametolewa. Tuliitazama kwa mwendo wa polepole mpaka mwanangu akaniomba nisirudishe tena.

Na hata hapo haikuwa imekwisha! Ernie Clement, aliyepata mipigo 30 katika mtoano ule, rekodi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia, akaupiga mpira mbali hadi ukutani kati na kushoto. Andy Pages alikuwa ameingizwa muda ule ule ili adake tu. Alikimbia akamgonga mwenzake Hernández mpaka Hernández akaanguka, na akaudaka. Wengi wamesahau kwamba Dodgers walikuwa wawili wanaogombea mpira ule. Wangeukosa wote, leo ningekuwa naandika mengine.

Iningi ya kumi na moja Will Smith akaupiga mpira wa mrushaji wetu Shane Bieber ukavuka ukuta, tano kwa nne. Zamu yetu Vladimir Guerrero Jr. akaanza kwa kufika kituo cha pili kwa mpigo mmoja. Aliyefuata angekuwa Bichette. Hakuwepo, goti lilikuwa limeshamtoa, na nafasi yake ilikuwa ya Kiner-Falefa, ambaye alipewa kazi ya kuugusa mpira taratibu ili Guerrero asogee cha tatu. Aliifanya vizuri. Sijasikia mtu kwenye basi akilitaja hilo. Kisha Kirk akavunja gongo, mpira ukamwendea Mookie Betts, wawili wakatolewa kwa mara moja, Guerrero amebaki cha tatu.

Hiyo ndiyo sababu sikubaliani na wanaomtafuta mtu mmoja. Goti la Septemba, mwanya wa chini ya godoro, kuyumba kwa Rojas, mguu wa mdakaji, Pages kuingizwa dakika ile. Ukimwondoa Kiner-Falefa kwenye kesi, vingine vyote vinabaki palepale na bado vinatosha kutuangusha. Mwanangu ameacha kulitaja jina lile. Anakasirika bado, lakini sasa anakasirika kama mtu aliyeangalia.

Jambo jingine ambalo baridi hii imenifundisha kulitazama ni Seattle. Mariners, timu ya huko, na Blue Jays walianza mwaka mmoja, 1977, na Mariners ndiyo timu pekee katika ligi ambayo haijawahi kucheza World Series. Oktoba 20, mechi ya saba ya nusu fainali, walikuwa wakiongoza tatu kwa moja hapa Toronto, wamebakiza kutoa wanane. George Springer akavusha ukuta, pointi tatu, nne kwa tatu, tukashinda. Niliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari. Siku zile sikuwafikiria hata kidogo wale waliokaa Seattle wakiitazama picha hiyo hiyo. Sasa nawafikiria. Kuna mama kule ana mtoto wa miaka 12 pia.

Halafu kuna huzuni ya pili, ambayo huja polepole kwenye msimu wa kutocheza. Unadhani utasubiri timu yako irudi ijaribu tena, kumbe timu ile haipo tena. Bichette amesaini Mets ya New York, miaka mitatu, dola milioni 126. Yeye na Guerrero walilelewa pamoja tangu timu za vijana, wote wakapandishwa mwaka 2019. Guerrero ana mkataba wa miaka 14 wenye thamani ya nusu bilioni ya dola, atazeekea hapa. Bichette mpigo wake wa mwisho akiwa na jezi yetu ni ule uliomfikisha kituo cha kwanza kwa kuchechemea. Mrushaji Dylan Cease ameletwa kwa dola milioni 210 na nafurahi kwamba wenye timu wametia nguvu, lakini jezi ya mwanangu ni ya Bichette, namba 11, na hatujaamua la kuifanya. Mimi nataka aendelee kuivaa.

Februari warushaji na wadakaji wataripoti Dunedin, Florida, kule ambako Blue Jays hujiandaa. Mwishoni mwa Machi ligi itaanza. Tumeshaweka akiba ya tiketi mbili za juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, kwa mechi za mwanzo za nyumbani. Jeff Hoffman bado ana mkataba na sisi. Usiku ule, kwenye chumba cha wachezaji, alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema yeye ndiye aliyewagharimu wenzake ubingwa, na hakukimbia swali lolote. Najua wapo watakaomzomea siku mlango wa warushaji wa akiba utakapofunguliwa na yeye akatoka kuja kurusha. Mimi na mwanangu tumekubaliana kwamba sisi tutasimama na kumpigia makofi mpaka arushe mpira wa kwanza, hata kama upande wetu mzima umekaa.