Kuwasimamia Watafiti wa Sanaa ya Uholanzi na Flanders

Katika kusimamia ufadhili wa watafiti wa sanaa ya Uholanzi na Flanders, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ubelgiji, kazi ninayoithamini zaidi si kupitia maombi, ingawa ndiyo inayokula muda, bali kumkutanisha mtafiti chipukizi na mhifadhi wa picha mbele ya ubao wa mwaloni uliochorwa picha na kutolewa kwenye fremu, ambao pete za mti zilizo ukingoni mwake hudokeza picha haikuchorwa kabla ya mwaka gani. Kituo cha sanaa hiyo kilichofunguliwa mwaka 2021 katika jumba la makumbusho la Museum of Fine Arts, Boston, kina maktaba iliyokusanywa na mwanahistoria wa sanaa Egbert Haverkamp-Begemann. Vitabu visipokuwa karibu na picha, ufadhili hubaki posho tu. Barua za mapendekezo husifu mno. Kwa hiyo, ninapopitia maombi, mimi huanza na swali la utafiti.