Oksidi ya seriamu: ugumu wake ni wa kawaida, ila kioo hakifui dafu mbele yake

Ukifungua kikopo cha unga wa kung'arishia kioo, ni rahisi kudhani umenunua mchanga uliosagwa sana. Kumbe ni oksidi ya seriamu, na kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, ina ugumu wa karibu 6, sawa tu na kioo chenyewe. Oksidi ya alumini ina ugumu wa 9, lakini kwenye kioo seriamu humaliza kazi mapema na kuacha uso safi zaidi. Siri yake iko kwenye kemia.

Fomula yake ni CeO₂. Ni nzito, gramu 7.2 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, na huyeyuka kwenye nyuzi 2,400 za selsiasi au karibu na hapo. Ikiwa safi huwa nyeupe yenye umanjano kidogo. Unga wa bei nafuu wenye rangi ya kahawia au waridi umebaki na praseodimiamu, metali ya jamii moja na seriamu, na kwa kioo cha dirisha hilo si tatizo. Lensi za vifaa vya kupimia ndizo zinazohitaji ule mweupe. Jina "madini adimu", linalotumika kwa jamii hiyo ya metali, nalo lisikutishe: seriamu, iliyogunduliwa mwaka 1803 na Berzelius na Hisinger kule Sweden, na Klaproth peke yake Ujerumani, inapatikana kwenye gome la dunia kwa wingi unaokaribiana na wa shaba.

Turudi kwenye kioo. Maji hupenya kwenye tabaka jembamba sana la juu na kulegeza vifungo vya silikoni na oksijeni. Chembe ya seriamu ikipita hapo hujishikiza kwenye silikoni kupitia oksijeni, na ikisukumwa mbele huondoka na kipande cha tabaka hilo lililolegea. Changanya unga huohuo na mafuta badala ya maji, utasugua mpaka jioni bila kuona tofauti. Taa za magari zilizofifia nazo hazifaidiki na mbinu hii, kwa sababu nyingi ni plastiki ya polikaboneti, haina silikoni ya kushikwa.

Kwa mikwaruzo ya waipa kwenye kioo cha mbele cha gari, changanya gramu 100 za unga na mililita 200 hadi 300 za maji, upate uji mwepesi kama maziwa mazito. Weka alama ya mkwaruzo kwa kalamu upande wa ndani, funika rangi ya gari na mipira ya ukingo wa kioo kwa plastiki, kisha lowesha vizuri pedi ya felti yenye upana wa milimita 75 hivi. Drili isizidi mizunguko 1,500 kwa dakika. Izungushe pedi huku ukiisogeza bila kusimama mahali pamoja, na nyunyizia maji kila uji unapoanza kushika. Uji ukikauka, msuguano hupanda, joto hujikusanya sehemu moja, na kioo kinaweza kupasuka ghafla. Gusa kioo kwa mgongo wa mkono kila baada ya dakika moja. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uuondoe mkono, simama na ukiache kipoe chenyewe. Usikimwagie maji baridi.

Pitisha kucha juu ya mkwaruzo kabla ya kuanza. Ikinasa, seriamu peke yake haitauondoa, kwani inakula maikroni chache tu na itaishia kulainisha kingo zake. Itabidi uanze na msasa wa maji, hatua kwa hatua, na kila hatua ifute alama zote za iliyotangulia. Ukichimba sehemu finyu unatengeneza bonde, na barabara itaonekana kupinda kupitia hapo. Kama mkwaruzo wa namna hiyo uko mbele ya macho ya dereva, nunua kioo kingine.

Mistari mipya ikitokea katikati ya kazi, karibu kila mara kosa ni uchafu: punje ya msasa iliyoangukia ndoo, au pedi iliyowekwa sakafuni. Pedi hiyo itupe, kwa sababu punje ikishanasa ndani ya felti hata kuiosha hakusaidii. Uji uliolala usiku kucha hutuama na kuwa kigaga kigumu chini ya ndoo. Ukoroge mpaka chini, la sivyo utakuwa unapaka maji matupu.

Kule kwenye ekzosi ya gari, seriamu inafanya kazi tofauti kwa kutumia tabia ileile ya kucheza na oksijeni. Ndani ya kisafisha moshi (catalytic converter) kuna masega yaliyopakwa oksidi ya seriamu iliyochanganywa na ya zirkoniamu, pamoja na metali za platinamu, paladi na rodi. Mchanganyiko wa hewa na petroli ukiwa na hewa nyingi, seriamu huhifadhi oksijeni. Petroli ikizidi, huitoa ili monoksidi ya kaboni iendelee kuungua. Chaji yake hupanda na kushuka kati ya 4 na 3, na fuwele haivunjiki. Zirkoniamu imewekwa kwa sababu seriamu tupu ikikaa kwenye joto kali chembe zake huungana, eneo la uso hupungua na ghala la oksijeni hufifia.

Kompyuta ya gari hulipima ghala hilo bila kuliona. Kisafisha moshi kikiwa kizima, kihisio cha oksijeni kilicho nyuma yake hutulia. Kikichoka, huanza kuyumba kama cha mbele na msimbo wa hitilafu P0420 hutokea. Kabla ya kununua kingine, angalia kama kuna uvujaji kwenye ekzosi, kisha uliza kama injini inakula oili. Fosforasi ya oili hushikana na seriamu na kuwa fosfeti inayoifunga kwenye chaji 3, na hapo haipokei oksijeni tena. Ukifunga kipya kwenye injini ileile inayokula oili, umetupa pesa.

Watengeneza kioo nao huongeza oksidi ya seriamu kidogo kwenye tanuri ili igeuze chuma kilichomo ndani ya kioo kutoka hali yenye rangi ya bluu-kijani kwenda ile yenye umanjano hafifu, na pia izuie mionzi ya urujuanimno.

Kwa wa maabara wanaotaka kuiyeyusha: unga wa oksidi ya seriamu uliochomwa kwa joto kali karibu hauyeyuki kwenye asidi ya nitriki. Ongeza peroksidi ya hidrojeni kidogokidogo huku ukipasha moto. Inaishusha seriamu hadi chaji 3, nayo ndiyo inayoyeyuka. Povu litakuwa jingi, kwa hiyo bika lisizidi theluthi, na kazi ifanyike chini ya kivuta moshi.