Mashujaa wa Kaboya na kahawa ya Julai

Muleba, Julai 26

Jana ilikuwa Siku ya Mashujaa. Wengi nchini huifuata kwenye televisheni, lakini sisi wa Muleba tunaye wa kumwendea. Kaboya iko hapa hapa wilayani, na ndipo walipolazwa askari wetu waliokufa katika vita dhidi ya Nduli Idi Amin. Walitoka mikoa mingi, Waislamu kwa Wakristo, na ardhi ya Buhaya imewapokea wote kama watoto wake. Kila nikisimama pale huwaza kwamba wako akina mama waliokufa bila kufika hata mara moja kuliona kaburi la kijana wao. Sisi tunaokaa karibu tunawabebea zamu.

Heshima zenyewe hazichukui muda mrefu. Gwaride, tarumbeta, dakika ya ukimya, kisha viongozi wanasogea mnarani mmoja mmoja: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka, shada la maua. Halafu sala za dini zote. Napenda kwamba tunawaaga askari waliopigana kwa bunduki na mizinga kwa silaha za mababu zetu. Mzee yeyote aliyekaa pale anaielewa heshima hiyo bila kutafsiriwa.

Ila mwaka huu macho yangu yalikuwa zaidi kwa walio hai.

Julai ni mwezi wenye shughuli kwetu. Saba Saba ikishapita, kahawa ndiyo inayotawala. Kila ua una majamvi yaliyoanikwa kahawa ya maganda, na anayetoka shule anapewa kazi ya kugeuza kabla hajafikiria mpira. Fedha ya kahawa ikianza kuonekana, harusi zinaanza, kipaimara kinaanza, vijana wa kata wanachangishana kununua mbuzi wa kushindaniwa. Nane Nane nayo inakuwa inanukia. Siku ya Mashujaa inaangukia katikati ya hayo yote, na ndiyo maana naipenda huku zaidi ya ninavyoiona kwenye hotuba. Watu wanatoka makaburini, wanashukia uwanjani kwenye mechi, jioni wako kwenye send-off ya binti wa jirani. Wapo wanaosema tunachanganya majonzi na ngoma. Sikubaliani nao. Mavuno haya yapo kwa sababu kuna watu waliikomboa ardhi hii.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Alikuwa mgambo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi yetu yote ya kaskazini mwa Mto Kagera, watu wa upande ule walikimbilia huku na magodoro kichwani, na kila familia ya Muleba ilipokea wageni. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Jeshi likapanuliwa kwa kuongeza mgambo kwa maelfu, na vijana waliokuwa wakipalilia migomba wakajikuta na bunduki. Sehemu kubwa ya njia walitembea kwa miguu. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka, na kufikia mwanzoni mwa Juni wenzao walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Kisha wakarudi. Hapa ndipo moyo wangu unaponiuma. Aliyekufa ana mnara. Aliyebaki jeshini alipanda vyeo akastaafu. Mgambo aliyerudi alikabidhi bunduki, akaingia shambani, na watoto tuliozaliwa baadaye tukamjua kama mzee wa kahawa tu. Jana baba mdogo alikaa pamoja na wenzake wa rika lake, koti limepigwa pasi, medali kifuani. Kijana aliyekuwa safu ya nyuma yetu aliuliza kwa sauti kama wale ni viongozi wa chama cha ushirika. Hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Baadaye tulienda nyumbani kwake. Tulikaribishwa kwa kahawa za kutafuna, kama mgeni yeyote anavyokaribishwa Buhaya, na ndugu wakaendelea na habari za bei ya msimu. Nikasogea karibu yake.

“Shikamoo baba. Leo nimekuona pale ukisimama wakati wa tarumbeta.”

“Marahaba mwanangu. Magoti yanagoma, lakini wakati ule lazima nisimame.”

Nilimwomba anisimulie, niandike. Alinyamaza kidogo, akauliza niandike ili nani asome. Nikamwambia kijana yule wa safu ya nyuma.

Nina jambo nalitaka sana kwa mji wetu. Vita ile ilitufikia karibu na msimu wa senene, na Novemba 2, siku ya hotuba ya Mwalimu, Wakatoliki wanawakumbuka marehemu wote. Makanisa yanajaa, watu wanafyeka makaburi ya ukoo, usiku taa za kunasia senene zinawashwa. Ni wakati ambao watu wa Muleba wanaoishi Dar na Mwanza huulizia nyumbani. Hapo ndipo tungewaita wazee wetu, tuwakalishe mbele, wasimulie kwa Kihaya na Kiswahili, na vijana waandike. Hatuhitaji jukwaa la serikali. Uwanja wa shule na viti vya kukodi vinatosha. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo amepita 65. Wengine hawatafika misimu mingi.

Baba mdogo amekubali. Ameniambia niende Jumapili baada ya misa, kahawa ikishapelekwa chama cha msingi, na nibebe daftari kwa sababu simu inamfanya azungumze kama anatoa taarifa kituoni. Nimeanza kupanga maswali: walifunzwa wapi na kwa muda gani, walivukaje Kagera ilhali daraja la Kyaka limevunjwa, na yule rafiki yake ambaye huacha kumtaja jina kila hadithi inapofika Masaka, kule Uganda, alitoka kijiji gani. Hilo la mwisho nitaliuliza tu akilifungua mwenyewe.