Jani la Alasiri, Kidonge cha Usiku

Leo dereva wa tuktuk ameweka kifuko cha muguka (majani ya aina ya miraa, ya kutafuna) na karanga juu ya kaunta, akitafuta chenji. Harufu ile ya jani bichi ikanikumbusha yule kijana wa mtaa wa Barani, dereva wa tuktuk naye, mtafunaji wa muguka kila alasiri.

Aliingia baada ya isha, mdomo umemkauka hata maneno yakamnata, vidole vyatetemeka. Nikamfunga mashine ya presha: 162 kwa 104, mapigo 128, naye ameketi. Nikamwacha atulie dakika tano, nikapima mkono wa pili. Hazikushuka. Mfukoni alikuwa na amitriptilini ya miligramu 25, kaandikiwa kimoja usiku kwa huzuni na kukosa usingizi. Mwenyewe alishafika vitatu.

"Hazifanyi kazi, daktari." (Sisi wa duka la dawa sote ni madaktari hapa Malindi.)

Zingefanyaje? Kathinoni, kichangamshi kilichomo katika jani bichi, huachilia dopamini na noradrenalini, kemikali za neva: ndiyo handas hiyo, ule mchangamko wa mtafunaji, maneno mengi, njaa kupotea, moyo kwenda mbio. Kidonge nacho huzuia noradrenalini ile ile isirudi ndani ya neva, na huzima ishara za neva inayoutuliza moyo. Mmoja kafungua mfereji, mwingine kaziba bomba la kutolea maji. Vyote viwili hukausha mate na kufunga choo. Asubuhi kidonge bado kimo machoni na tuktuk yangoja, basi hutafuna mapema zaidi. Usiku usingizi hauji, huongeza kidonge. Handas ikikatika huja unyonge, naye huuhesabu kuwa ni ugonjwa wake. Huenda ndio. Huenda ni jani. Kidonge chenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuinua moyo, na kwa muguka kila alasiri hakuna awezaye kupambanua.

Nikampeleka hospitali apimwe umeme wa moyo, maana dawa hizi zikizidi huvuruga mapigo. Sikumwambia avitupe: kuviacha ghafla huleta kichefuchefu, jasho na ndoto mbaya. Kupunguza ni kwa mpango wa aliyemwandikia.

Njiani akauliza, "Sasa niache kipi?"

"Jani, mwanangu."

Akacheka. "Nikisinzia barabarani, hesabu ya tajiri ataipeleka nani?"

Nikamwambia basi, kama hawezi kuliacha lote mara moja, adhuhuri ikipita asitie jani mdomoni, na aje kupima presha kila wiki. Ushauri wa nusu huo, nami nilijua. Akaitikia upesi mno.