Nne imekwenda wapi?

Jumapili iliyopita nilikaribia kuitwa mwizi kwenye chama chetu, tena chai na mahamri yakiwa mezani. Mimi ndiye mweka hazina. Tuko wanawake 12, hisa sawa kwa sawa, na faida ya kukodisha viti na mahema imefika shilingi 90,000. Kila mtu 7,500, basi. Lakini mimi na ujuaji wangu nikabandika manila ukutani, na mbele ya kila jina nikaandika "8%".

Mwenzetu mmoja anauza samaki. Kwa hesabu za kichwa humwezi. Akaitazama manila, akasema: "Nane mara kumi na mbili ni tisini na sita. Dada, nne imekwenda wapi?"

Nikajitetea kwamba kila mtu ana 7,500 yake mkononi. Kumbe ndio nachochea moto. Asilimia 8 ya 90,000 ni 7,200. "Basi hizi mia tatu zangu zimetoka kwa nani?"

Zilitoka kwenye kalamu yangu. Sehemu moja ya 12 ni asilimia 8.333 na kuendelea, haina mwisho. Nikaikata mkia mara 12, na mikia 12 ikikusanywa ni asilimia 4 nzima. Pesa hazikwenda popote. Kilichopotea ni cha kwenye karatasi tu.

Usiku nikawa nakumbuka Agosti 2022. Tarehe 15, katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, matokeo ya urais wa Kenya yalitangazwa, kwa asilimia: William Ruto 50.49, Raila Odinga 48.85, George Wajackoyah 0.44, David Mwaure 0.23. Makamishna wanne wa tume ya uchaguzi wakayakataa siku ileile, na kesho yake wakatoa hoja zao, mojawapo ikiwa kwamba ukijumlisha unapata 100.01, na hiyo 0.01 ya ziada ni kama kura 142,000. Shemeji yangu aliruka kutoka kitini. Mimi nikaenda kutafuta kalkuleta.

Kura halali zilikuwa 14,213,027. Asilimia moja yake ndiyo 142,000 na ushei. Asilimia 0.01 ni kura 1,421. Mtu alichukua 0.01 akaizidisha na kura zote, akasahau kwamba asilimia hugawanywa kwa mia. Na kosa lenyewe halikuwa dogo, kwa sababu Ruto alivuka nusu kwa kura kama 69,600. Ukiamini 142,000, ushindi wote unatiliwa shaka. Ukiamini 1,421, hakuna kinachobadilika.

Lakini hata hizo 1,421 si kura za mtu. Nilirudi kwenye kura zenyewe, 7,176,141, 6,942,930, 61,969 na 31,987, nikagawanya bila kukata. Zikatoka 50.4899, 48.8491, 0.4360 na 0.2251. Tazama: zote nne, zikikadiriwa hadi desimali mbili, zinapanda. Kwa kawaida nyingine hupanda na nyingine hushuka, zikafidiana. Siku hiyo zote zilielekea juu. Mwaure angepata kura 8 pungufu, tena nane kweli, si elfu nane, angeandikwa 0.22 na jumla ingekuwa 100.00 safi. Hoja hiyo isingezaliwa.

Nikaendelea kuchezea, usingizi ushanitoka. Ukikadiria hadi desimali moja, jumla ni 99.9. Ukiondoa desimali kabisa unapata 50, 49, 0 na 0: jumla 99, wagombea wawili hawakupata hata kura, na mshindi hakushinda, maana Katiba inataka zaidi ya nusu na 50 si zaidi ya nusu. Mbaya kuliko yote ni kukadiria kilichokwisha kukadiriwa: 50.49 ukaifanya 50.5, kisha 50.5 ukaifanya 51. Kila hatua umefuata sheria ya darasani, na umempa mtu nusu asilimia ambayo hakuipata.

Kwa hiyo siku hizi nikiona jedwali linalojumlika 100 kamili kila mara, ndipo ninapouliza maswali. Huenda mtu amesukuma tarakimu moja ili ipendeze. Lenye 99 au 101 huwa naliamini upesi, mradi aliyeliandika ameweka na idadi halisi pembeni, nijikokotolee mwenyewe.

Mimi sikuweka. Hilo ndilo lililoniponza, wala sina wa kumlaumu. Jana nimebandika manila mpya, shilingi tupu, hakuna alama ya asilimia. Muuza samaki aliijumlisha upya, kidole kikishuka jina kwa jina hadi chini, ndipo akavuta sahani ya mahamri.