Nilivyokata minara ya shokap ya kaboni hapa Mtwara

Gari langu la rimoti ni la kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, la kukimbizia kwenye vumbi, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: mnara wa shokap wa mbele, kile kipande cha alumini kinachosimama wima na kushika vichwa vya shokap mbili. Likiruka likatua kwa pua, mnara unapinda. Unanyoosha kwa plaizi, unapinda tena, kila safari ukiwa mlegevu zaidi, mpaka unakatikia kwenye tundu la skrubu. Kuagiza mpya ufike Dar es Salaam, kisha upakizwe basi la kusini, kunataka moyo. Nikaona heri niagize bamba la nyuzi za kaboni nikate mwenyewe.

Wengi hudhani kaboni inaishinda alumini kwa kila kitu. Bamba la kawaida la kufumwa, lenye nyuzi za urefu na upana tu, halina ukakamavu wa kuizidi sana alumini ya unene uleule. Faida yake iko kwenye uzito: sentimita moja ya ujazo ina kama gramu 1.6, ya alumini gramu 2.7. Kwa hiyo unaweza kuongeza unene bila gari kuwa zito, na unene ndio wenye kazi yote hapa. Bamba la milimita 3 linakataa kupinda zaidi ya mara 3 kuliko la milimita 2 la aina hiyohiyo. Halafu kuna jambo nililolifuata hasa: kaboni haibaki imepinda. Inanesa na kurudi. Ikizidiwa inavunjika, hakuna katikati.

Mzigo ulipofika niliukagua kwanza, maana kuna mabamba ya faiba ya kioo yaliyobandikwa karatasi yenye mchoro wa kaboni. Nilikwangua pembeni kidogo ya gamu inayoshikanisha nyuzi, nikagusisha ncha mbili za maltimita, kile kipima umeme. Kaboni inapitisha umeme, faiba ya kioo haipitishi. Lakini hilo peke yake halitoshi, kwa sababu wapo wanaoweka ngozi ya kaboni juu na chini, katikati wakajaza kioo. Hapo utazame ubavu wa bamba: ukiona utepe wa njano-kijani au mweupe katikati, ujue umeuziwa sandwichi. Langu lilikuwa jeusi mpaka ndani.

Ramani niliitoa kwenye mnara wa zamani. Nilipima matundu kwa vernia, kile kipimio cha taya, nikachora kwenye karatasi, nikakata mfano wa plaiwudi na kuufunga kwenye gari kuona kama shokap zinacheza bila kugusa kitu. Kisha nikabandika karatasi juu ya kaboni, na hapa usifanye haraka: nyuzi zifuate urefu wa kipande. Ukilikata bamba kwa mshazari ili kubana nafasi, utapata vipande vingi lakini vitanesa kama rula ya shule, kwa sababu mzigo unabebwa na gamu badala ya nyuzi.

Matundu nilitoboa kabla ya kukata umbo, bamba likiwa bado pana na rahisi kubana. Chini niliweka ubao mgumu, juu selotepu ya karatasi, nikatumia biti ya kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, na mkono mwepesi. Bila ubao wa chini, biti inapotokeza inang'oa matabaka ya mwisho. Biti za chuma za kawaida zinatoboa, ila zinakuwa butu upesi, na biti butu inachana nyuzi badala ya kuzikata.

Kukata nilitumia msumeno wa vigae, ule wa waya wenye chembe ngumu, unaopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Kazi yote niliifanya juu ya beseni, kipande kikiwa kimelowa muda wote. Vumbi la kaboni linawasha ngozi, halifai kuingia kifuani, na likidondokea kwenye umeme wa gari linaweza kupiga shoti. Barakoa nilivaa hata hivyo. Maji yaligeuka wino. Mama mwenye nyumba alipita akasimama: "Baba Sharifa, unasaga mkaa wa nini tena?" Nikamwambia, "Shikamoo mama, ni gari la mchezo." Akaitikia marahaba, akatikisa kichwa, akaenda zake. Maji yale hayamwagwi uani. Niliyaacha yatuame, nikayachuja kwa kitambaa, tope nikalifunga kwenye mfuko.

Kingo nilizilainisha kwa msasa wa maji, namba 240, halafu 400, halafu 800. Zilipokauka nikazizungushia supa gluu nyepesi, ile inayonyonywa yenyewe ndani ya matabaka. Nikapaka na ndani ya matundu.

Hilo la matundu lina sababu yake kwa sisi wa pwani. Kaboni ikigusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unaona unga mweupe unaota kuzunguka skrubu. Hapa Shangani, Mtwara, hewa yote ni chumvi, na gari linatembea mchangani. Kwa hiyo kila inapokutana na alumini nimetia washa za nailoni, na skrubu ni za chuma kisichoshika kutu.

Antena ya risiva, kile kifaa cha ndani ya gari kinachopokea mawimbi ya rimoti, niliihamisha pia. Kaboni inazuia mawimbi ya 2.4 GHz, hivyo waya hautakiwi kulazwa juu yake. Nimeupitisha kwenye kimrija wima, ncha yake ikiwa huru. Waya wa betri usisuguane na ukingo wa kaboni, hata uliopigwa msasa. Mpira ukichubuka, bamba lenyewe linakuwa njia ya umeme.

Kwa sasa minara yote miwili, wa mbele na wa nyuma, ni ya kaboni ya milimita 3. Sakafu nimeiacha ya alumini kwa sababu inaburuzwa kwenye kokoto, na kaboni ikiburuzwa hivyo inachanika nyuzi. Mikono ya magurudumu ni nailoni, na siibadilishi: inapogonga inapinda na kuumeza mshtuko usifike kwenye gia. Kijana mmoja wa Lindi anataka nimkatie mikono ya kaboni ipendeze na minara. Nimemwambia alete plaiwudi tumkatie mnara kwanza.