Neno moja kwenye kifurushi

Jumamosi, usiku. Mvua inanyesha Kadutu, hapa Bukavu, na umeme umerudi, basi naandika haraka kabla haujaenda tena.

Asubuhi mama mwenye farmasi alinipigia: "Mtoto wangu, ile mashini yako haitoi risiti." Nikashuka na begi. Printa yake ni ya zamani, na programu inayoiendesha ni ya biti 32 tu, aina ya kizamani. Walioitengeneza hawakuacha msimbo wake, hakuna wa kuijenga upya. Wiki iliyopita nilimwekea kompyuta nyingine yenye mfumo wa Debian ya biti 64, nikaifunga programu hiyo katika kifurushi cha .deb, ambacho Debian hutumia kuweka programu, nikaondoka najisifu.

Naiendesha programu, kompyuta inajibu: hakuna faili kama hiyo. Naandika ls, amri ya kuorodhesha faili: faili hii hapa. Naiendesha tena: hakuna. Wateja wawili wamesimama na karatasi za daktari mkononi, wote wananitazama nikibishana na kitu ninachokiona kwa macho.

Nilichelewa sana kukumbuka amri ya file, inayosema faili ni la aina gani. Ikanijibu: biti 32, Intel 80386, na inaitafuta /lib/ld-linux.so.2. Kumbe hiyo ndiyo haikuwepo! Ni kipakizi, kinachozikusanya maktaba (vipande vya msimbo ambavyo programu huazima) kabla programu haijaanza, na ujumbe wa kosa haukitaji hata kidogo. Kwangu nyumbani yote yalikwenda vizuri kwa sababu i386, yaani aina ya biti 32, niliiongeza zamani kwa ajili ya mchezo fulani, nikasahau.

Kosa lilikuwa la mkono wangu. Kwenye faili la control, linalokieleza kifurushi, niliandika Architecture: amd64, yaani biti 64, eti kwa kuwa kompyuta ni ya amd64. Apt, programu inayoweka vifurushi, ikaniamini. Kifurushi kinadai libc6, maktaba ya msingi; libc6 ya biti 64 ipo, kazi imekwisha. Ningeandika i386, ama ingekikataa palepale, ama ingeleta libc6:i386 yenyewe. Tangu Debian 7 ya mwaka 2013 maktaba za aina hizo mbili zinakaa bila kugombana, moja ndani ya /usr/lib/x86_64-linux-gnu, nyingine ndani ya /usr/lib/i386-linux-gnu. Kabla ya hapo watu walikuwa wakibeba ia32-libs, kifurushi kimoja kinene kama gunia la makaa.

Nikabadilisha neno lile, nikajenga upya, kisha dpkg --add-architecture i386, ili mashini ikubali biti 32, na apt update, kwa mega za simu yangu. Apt ikataka kusasisha na libc6 ya biti 64 pia: pacha hao lazima wawe toleo moja. Mega zikayeyuka. Hizo sikumdai mama.

Saa sita printa ikakoroma, risiti ikatoka. Mama akaichana, akaivutia karibu na miwani.

"Na jina la farmasi liko wapi?"

Liko kwenye diski ya kompyuta ya zamani. Nikafungua begi tena.